Kinywa cha Bi Spika

"Nipe kinywa chochote," alisema Koromeo, ameegemea mlango wa ofisi ya daktari kana kwamba nyumba ni yake. "Cha mzee, cha mtoto, cha mlevi, cha waziri. Nipe siku tano tu. Nitakuwekea ulimi, kaakaa na koo kwenye kompyuta, vyote vinacheza kama vya mwenyewe, na kikianza kusema, mwenyewe atageuka kutazama nani kamwita. Mimi sijawahi kukosea kinywa, daktari. Sijawahi, na sitawahi."

Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza neno. Alimsubiri amalize kujisifu, akachukua faili mezani, akamnyoshea pale mlangoni.

"Kinywa ni hiki. Kuna uvimbe ubavu wa kushoto wa ulimi. Alhamisi ya wiki ijayo nakata."

Koromeo akafungua faili, akasoma jina, akalifunga. Akalifungua tena, labda jina lingeona haya lijibadilishe. Halikubadilika.

"Huyu ni mama mkwe wangu."

"Najua. Binti yake kaniambia."

"Daktari, mimi na huyu mama hatupikiki chungu kimoja."

"Sikuombi mpikike. Nakuomba kinywa. Si umesema chochote?"

Na pale mlangoni, aliyekuwa ameegemea akasimama wima kama mtu aliyeketi juu ya pini.

Tuieleze kazi yake kabla hatujaenda mbali, maana hata mama yake mzazi aliwaambia majirani kwamba mwanawe anatengeneza redio. Ghorofa ya tatu ya hospitali, chumba namba tisa, Koromeo na kompyuta zake mbili walikuwa wakijenga vinywa. Mgonjwa analazwa ndani ya mashine ya sumaku, anaambiwa aseme aaa, iii, sss, na mashine inampiga picha za ndani, kipande baada ya kipande, kama mkate uliokatwa. Koromeo anavichukua vile vipande na kuviunganisha upya mpaka apate bomba: linaanza kwenye nyuzi za sauti, linapanda kooni, linapinda nyuma ya ulimi, linatokea midomoni. Kisha anapuliza hewa ya hesabu ndani yake, na bomba linasema. Linasema kweli, kwa sauti ya mtu. Tena ukilikata ulimi pale kwenye kompyuta, unasikia papo hapo mwenye ulimi atakavyosema akishakatwa hospitalini.

Hapo ndipo daktari alipomhitaji. Angeondoa sehemu mbovu ya ulimi wa mama, kisha azibe pengo kwa nyama kutoka mkononi mwa mgonjwa mwenyewe. Swali lilikuwa moja: kiraka kiwe chembamba au kinene? Kikipungua, ulimi haufiki juu na maneno yanavuja. Kikizidi, kinajaza kinywa, na mtu anaongea kama kang'ata kiazi cha moto mpaka mwisho wa maisha yake. Wala hakivuliwi kama shati ukaomba kingine.

Na kinywa chenyewe hakikuwa cha mtu wa kukaa kimya. Mama mkwe alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Kwa miaka ishirini na sita sauti yake ilikuwa imewapandisha watu na kuwashusha, imewatafutia watoto waliopotea na kuwakaripia watema mate. Mji mzima ulimwita Bi Spika. Koromeo naye alimwita hivyo, ila yeye alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa.

Uadui wao ulikuwa na tarehe. Miaka sita iliyopita, wiki ya pili ya ndoa, Koromeo alichelewa treni. Mkewe alikuwa ameshapanda, anapunga mkono dirishani, naye anakimbia na begi mgongoni, shati limechomoka. Vipaza sauti vyote vya stesheni vikakohoa, na sauti ikashuka, tamu, haina haraka: "Abiria mwenye shati la kijani, unayekimbia kama bata. Treni imeondoka na mke wako. Tunaishukuru treni."

Watu walicheka mpaka wengine wakakosa treni zao. Koromeo hakusahau. Mwezi uliofuata, kwenye karamu ya familia, alitoa kifaa cha kupimia kelele, akamwelekezea mama mkwe akiwa katikati ya maongezi, akawasomea wageni kipimo. "Sheria inataka kibali kwa kelele za kiasi hiki," alisema. "Na vizibo vya masikio kwa walio karibu." Bi Spika alimtazama, akaweka glasi chini, na tangu hapo kila mmoja akawa anasubiri mwenzake ateleze.

Jioni ile mkewe alikuwa anamsubiri sebuleni. Hakuwa amewasha televisheni.

"Daktari kakupa?"

"Kanipa. Kumbe wewe ndiye uliyenipeleka sokoni."

"Kwa sababu hakuna mwingine. Sikiliza. Mmegombana miaka sita, nimenyamaza. Safari hii sinyamazi. Mama akipoteza sauti hatakaa nyumbani afume vitambaa. Atakaa atazame ukuta. Unanielewa?"

"Kwani uvimbe nimeuweka mimi?"

"Sijasema. Nimesema ifanye hiyo kazi kama si yeye."

"Nitaifanya vizuri hasa kwa sababu ni yeye. Nataka asiwe na la kusema."

Mkewe akasimama. "Ndicho ninachokiogopa hicho," alisema, akaenda kulala.

Siku ya picha Bi Spika alifika kabla ya wakati, mkoba kwapani, na akakataa kiti.

"Leo umepata ulichokuwa unaomba," alimwambia mkwewe.

"Nini hicho, Mama?"

"Kunilaza chali uniambie nifunge mdomo."

"Hapana, Mama. Leo ni siku ya kuufungua. Kuufunga utaufunga mwenyewe siku ukitaka. Tunasubiri tangu harusi."

"Subiri, mwana wa watu. Usichoke."

Mpiga picha, ambaye hakuzoea wagonjwa wa namna hii, akamwahi mama na kumpeleka chumba cha kubadilishia nguo, aache kila chenye chuma: hereni, saa, pini za nywele. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Midomo ameibana, kiganja amekiweka mbele ya mdomo, hatazami mtu. Mpiga picha alimfuata na kibakuli kilichofunikwa kwa kitambaa. Koromeo hakujali kibakuli. Alichokiona ni kwamba Bi Spika amepita mbele yake hatua kumi bila kumtukana, na moyo wake ukaimba.

Mashine ilianza kugonga, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko. Kwenye kipaza sauti mama alisema aaa, akasema iii. Alipoambiwa aseme sss, ilitoka butu, kama tairi linalopungua upepo. Koromeo akaandika pembeni: *uvimbe unabana*. Akaendelea.

Sasa kuna jambo moja katika kazi hii ambalo mtu wa nje hawezi kulifikiria. Mashine ya sumaku haioni meno. Inaona maji, na meno hayana maji ya kutosha kuonekana. Kwa hiyo kwenye picha meno ni giza tupu, sawa na hewa. Kila anayeingia mle anatoka kibogoyo, hata awe na meno ya mamba. Ukijenga kinywa kwa picha hizo peke yake, kinasema kama mzee aliyesahau meno nyumbani. Ndiyo maana kila mgonjwa lazima ang'ate plasta laini ichukue umbo la meno na kaakaa lake, kisha meno yale ya plasta yanapigwa picha na kupachikwa mahali pake kwenye kompyuta. Mwenye kazi hiyo alikuwa fundi wa meno wa hospitali, mwanamke mrefu mwenye aproni isiyokauka, ambaye kila mtu alimwita Dada Plasta.

Koromeo alimtuma kwa mama mara tu alipotoka kwenye mashine. Baada ya dakika kumi Dada Plasta akarudi, sinia lake kavu.

"Nimefukuzwa."

"Kasema nini?"

"Kasema kinywa chake si ukuta wa kupigwa lipu. Na kasema wewe ndiye uliyenituma nimzibe asiseme tena."

"Mwambie hakuna plasta ya kutosha nchi hii."

"Mwambie mwenyewe, ni mkweo. Koromeo, bila meno yake huna kitu, unajua. Nenda kambembeleze. Neno moja tu: tafadhali Mama."

"Hayo maneno mawili."

"Haya, wewe ndiye mtu wa hesabu. Ukishapata jumla, niite."

Akakaa siku nzima akizunguka kwenye kiti chake. Kesho yake saa nne asubuhi akaenda stesheni.

Kibanda cha Bi Spika kilikuwa cha kioo, juu ya ngazi za jukwaa la kwanza, na ndani yake kulikuwa na kiti kimoja, kipaza sauti, ratiba iliyobandikwa kwa gundi, na feni inayotikisa kichwa kama inayomkatalia kila mgeni. Koromeo alisimama mlangoni. Njiani alikuwa amelifanyia mazoezi lile neno, na lilikuwa limekaa sawasawa mdomoni, tayari kutoka.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya meno."

Bi Spika aliganda. "Meno gani?"

"Yako."

"Meno yangu yana nini? Nani kakwambia nini kuhusu meno yangu?"

"Hakuna aliyeniambia kitu. Ni plasta tu. Dakika tano."

"Nenda kapige plasta bomba la choo chako. Linavuja tangu mwaka jana, binti yangu anaweka ndoo. Fundi wa makoo ya watu, choo kimekushinda."

Tafadhali likarudi nyuma ya ulimi, likashuka kooni, likamezwa pamoja na mate. "Sawa," alisema Koromeo. "Ukija kunyamaza usinilaumu."

"Nikinyamaza wewe ndiye utakayeumia wa kwanza. Utabaki kusikiliza akili yako peke yake, na unavyoijua haina habari."

Akamgeuzia mgongo na kubonyeza kitufe. "Treni ya saa nne na robo," ilisema ile sauti juu ya mabati yote ya stesheni, "inasimama sasa hivi jukwaa la pili. Simameni nyuma ya mstari, msisukumane." Koromeo, aliyekuwa ameshashika reli ya ngazi, akajikuta amesimama. Alikuwa amesikiliza makoo mia tatu katika maisha yake. Hakuna aliyekuwa na *s* kama ile: nyembamba, kavu, inapita kwenye kelele ya injini bila kuigusa. Kwa sekunde mbili alitaka kurudi kibandani. Kisha mlinzi wa jukwaa akamwona, akacheka, akamuuliza, "Bwana bata, leo umewahi?" Akashuka.

Chumbani namba tisa kulikuwa na rafu ya meno. Kila mfanyakazi alikuwa amepigwa plasta wakati mitambo ilipokuwa inajaribiwa, na meno yao yalikuwa yamejipanga pale meupe, yanacheka bila watu. Koromeo akachukua ya kwake. Akayageuza, akayapuliza vumbi. Meno ni meno, alijiambia. Yanakaa juu na chini, yanauma mkate. Akayapunguza ukubwa kidogo kwenye kompyuta, kinywa cha mama ni kidogo, akayapachika.

Kinywa cha kompyuta kikasema: *Treni ya saa nne.* Na kikapiga mluzi.

Mtu mwingine angesimama hapo. Koromeo akakunja mikono ya shati. Alikuwa na rekodi za mama kutoka stesheni, akaziweka juu, sauti ya kompyuta akaiweka chini, na kila mahali zilipoachana akabana huku, akalegeza kule: ulimi mbele unywele mmoja, taya chini nywele mbili, hewa kidogo, hewa zaidi. Siku ya tatu mistari miwili kwenye skrini ikalala pamoja kama mume na mke wa kwenye picha, na mluzi ukawa mdogo kiasi kwamba lazima uutafute. Hakuutafuta. Akakata ubavu wa kushoto wa ulimi, akajaribu kiraka chembamba, akajaribu kinene. Kinene kikashinda, tena kwa mbali.

Kwenye fomu ya ripoti kulikuwa na mstari unaouliza meno yametoka wapi. Koromeo aliukalia mstari ule muda mrefu kuliko kurasa zote. Kisha akaandika: *Ya mgonjwa, kwa plasta.*

Alipobaki peke yake, akaangalia mlango, akaandika maneno yake mwenyewe kwenye kile kisanduku cha kusemeshea. Kompyuta ikafikiri kidogo, na Bi Spika akasema chumbani:

"Mkwe wangu, nilikukosea. Wewe ni mtu hodari, na binti yangu alichagua vizuri."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akairudia. Akairudia tena. Mara ya nne hakucheka, maana sauti ilikuwa ya mama kabisa na maneno hayakuwa yake hata moja, na yeye tu ndiye aliyekuwa ameketi pale anajiombea radhi. Akafuta, akaenda nyumbani. Mkewe alipomuuliza kazi imefikia wapi, alisema, "Imekwisha," na alipomuuliza kama ana uhakika, alimuuliza naye kama chakula kipo.

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya upasuaji, daktari aliwaita wote chumba cha mkutano. Bi Spika alikaa mbele, mkoba mapajani. Binti yake alikaa pembeni yake. Ukutani, kikubwa kama mlango wa gari, kilining'inia kinywa cha kompyuta: ulimi wa waridi, kaakaa la kijivu, na meno safu mbili meupe yenye afya.

"Mama," alisema daktari, "utasikia utakavyosema baada ya kiraka kinene. Ndicho nitakachoweka kesho, usipokuwa na pingamizi."

Koromeo akabonyeza. Kinywa cha ukutani kikafunguka. *Treni ya saa nne na robo inasimama sasa hivi jukwaa la pili.* Ilikuwa sauti nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua, lakini ilieleweka. Mkewe akashika mkono wa mama yake, macho yamejaa.

Bi Spika hakutikisika. "Rudia."

Akarudia.

"Si mimi huyo."

"Kila mtu husema hivyo akisikia sauti yake, Mama," alisema Koromeo, kwa lile tabasamu la mtaalamu.

"Kila mtu hajasikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye mabati miaka ishirini na sita. Na sisemi kiraka. Kiraka sikijui. Nasema hapa mbele. Anapiga mluzi. Huyu mtu kinywa chake ni kikubwa, na ana meno."

"Sasa Mama, meno kila mtu anayo."

Bi Spika alifungua mkoba, akaufunga. Aliutazama ukuta, hakumtazama mtu.

"Mimi sina manne ya mbele," alisema.

"Mama!" alisema binti yake.

"Mama nini? Nilianguka ngazi za jukwaa miaka tisa iliyopita. Wewe ulikuwa masomoni. Navaa ya kubandika. Yana sahani ya plastiki inafunika kaakaa lote. Siku ya sumaku niliyavua kwa sababu yana waya, na fundi wa plasta nilimfukuza kwa sababu yangetakiwa kuvuliwa tena, halafu huyu bwana" – akamnyoshea kidole bila kugeuza kichwa – "angeniimba mpaka siku ya maziko yangu. Haya. Imba."

Koromeo hakuimba.

Daktari alikuwa ameshasimama. "Sahani ina unene gani?"

"Kama ukucha wa dole gumba."

"Kaakaa lake limeshushwa kiasi hicho," alisema daktari, kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "na mimi kesho nimjazie ulimi kwa chini. Vikutane. Asingesema neno." Akaifungua ripoti. "Koromeo. Hapa umeandika meno ni ya mgonjwa, kwa plasta. Plasta ya mgonjwa ingeonyesha pengo. Mimi ukutani sioni pengo. Nieleze."

Sasa hapa mlango ulikuwa wazi. Angeweza kusema nimekosea, nilishindwa kumbembeleza mama mkwe, basi. Lakini mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi pale mita mbili, na mkewe anamtazama, na ulimi wa Koromeo ukatoka mbio kabla ya mwenyewe.

"Kompyuta hujaza mapengo yenyewe, daktari. Ikikuta nafasi, inakadiria. Ni kawaida kabisa kwenye fani yetu."

"Lakini plasta ya mama ipo."

"Ipo."

"Ulimpiga lini?" aliuliza mkewe. "Mama kasema alimfukuza fundi."

"Baadaye. Fundi alirudi. Mama alikuwa amechoka, hakumbuki."

"Ha!" alisema Bi Spika. "Nimeanza uzee leo leo."

"Hakuna taabu," alisema daktari. "Nimemwita fundi wa meno. Namtaka anitengenezee kinga ya meno ya kesho, na nilimwambia aje na hiyo plasta, kwa kuwa ripoti inasema ipo."

Koromeo akatazama dirisha. Ghorofa ya tatu.

Dada Plasta aliingia bila kubisha, aproni yake imelowa, mkono mmoja umeshika kitu ndani ya kitambaa.

"Daktari, samahani, nimegeuza chumba changu chote. Plasta ya mama huyu haipo, haijawahi kuwepo. Huyu mama hajafungua mdomo mbele yangu ila kunitimua. Nikasema labda Koromeo kapata fundi mwingine, nikapita namba tisa, nikaikuta hii mezani pake ime..." Alikuwa ameuona ukuta. Alisogea, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayekutana na jirani mji wa mbali.

"Ala! Sasa mbona mmemtundika Koromeo?"

Akanyosha kidole ukutani.

"Si meno ya Koromeo hayo? La chini pembeni limempandia mwenzake begani. Na la juu lile limekatika ncha. Nilimpiga plasta mwenyewe mwaka juzi, akanitapikia aproni mara mbili. Meno hayo hata usingizini nayajua."

"Meno ya watu hufanana," alisema Koromeo. Sauti ilimtoka nyembamba, na kwa bahati mbaya ikapiga mluzi.

Dada Plasta akafungua kitambaa na kuweka meno meupe juu ya meza, mbele ya daktari. Daktari akatoa tochi ndogo mfukoni.

"Fungua mdomo."

"Daktari, tusifike huko..."

"Koromeo," alisema mkewe. Alisema hilo tu, na halikuwa na *mume wangu* wala *mpenzi* mbele wala nyuma yake.

Akafungua. Tochi ikaingia. Daktari alitazama ndani, akatazama meza, akatazama ukuta, akarudi ndani.

"Ni yeye," alisema. Bila kuitoa tochi, akaongeza, "Kesho sikati. Tunaanza upya. Mama, utakubali kupigwa plasta?"

Bi Spika aliweka mkoba chini. Kisha akageuka upande, akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta, na kile alichokificha miaka tisa akakiweka kwenye kiganja cha Dada Plasta, kimelowa, chenye waya, na meno manne mazuri ajabu. Alipogeuka tena mbele ya watu, mdomo wake ulikuwa umezama katikati kama mto uliokaliwa. Koromeo angetembea kwa miguu siku tatu kuliona pengo lile. Sasa lilikuwa mbele yake, na hakuweza kucheka wala kumeza, kwa sababu kinywa chake kilikuwa wazi kabisa, taa ndani, na wanawake wanne wamekizunguka.

Alijaribu kukifunga.

"Asifunge," alisema Bi Spika, maneno yakivuja hewa, akavuta kiti chake karibu. "Mimi bado sijaona."